Kutoka Usagara hadi Gatini: Historia ya Kipande cha Barabara Kinachoingia Mwanza Mjini

Lori linalotoka Sirari, mpakani na Kenya, likielekea Mutukula, mpakani na Uganda, linaweza leo kulizunguka Ziwa Victoria upande wote wa kusini bila dereva wake kuiona Mwanza mjini. Linapita Tarime, Bunda, Lamadi na Magu. Likifika Kisesa linakata kushoto na kushika barabara ya mchepuko yenye urefu wa takribani kilomita 17, linatokea Usagara, linavuka Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kisha linazifuata Sengerema na Geita hadi Kagera. Jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililikuta na watu 1,104,521, ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, linabaki mkono wa kulia, limefichwa na vilima vya mawe. Lori linalotoka Dar es Salaam kupitia Nzega, Tinde na Shinyanga nalo halilazimiki kuingia mjini kama safari yake inaendelea mbele. Anayetaka kufika mjini ni lazima aamue. Ataiacha njia kuu pale Usagara, ashike barabara ya Kenyatta, ambayo wengi bado wanaiita barabara ya Shinyanga, apite Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni na Igogo, hadi aione miamba iliyosimama majini. Kipande hicho kinazidi kilomita 20 kwa kiasi kidogo tu. Ukikilinganisha na njia kuu inayounganisha mipaka miwili, ni kitawi kifupi kinachoishia majini.

Kuna maelezo ya kawaida kuhusu kitawi hiki, nayo yanasikika kwenye vikao vya madiwani, kwenye maduka ya jumla na ndani ya daladala. Yanasema kwamba Mwanza mjini ilikua kwa sababu njia kuu ilipita katikati yake. Kwamba mchepuko wa Usagara–Kisesa, na baadaye daraja, vimeuweka mji kando. Na kwamba dawa ni kuipanua barabara ya Kenyatta iwe njia nne mwanzo hadi mwisho ili magari yarudi. Maelezo haya yana mantiki, lakini historia haiyaungi mkono. Kwa zaidi ya miaka mia moja Mwanza mjini haijawahi kuwa mahali pa kupitia. Imekuwa mwisho wa tawi: tawi la njia ya misafara, tawi la meli za Kisumu, tawi la reli ya Tabora, na sasa tawi la lami. Kilichoujenga ni mizigo iliyolazimika kushushwa hapo ikabadilishiwa chombo. Msafiri aliyekuwa akipita tu hakuwa na mchango mkubwa. Asiyeitambua tofauti hiyo atakijengea kitawi hiki kitu ambacho mji haukihitaji.

Tuanze kabla ya Mwanza. Katikati ya karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ikipitia Unyanyembe, penye Tabora ya leo, ilivuka nchi ya Wasukuma kuja ziwani, lakini haikuishia kwenye ghuba ilipo bandari ya leo. John Hanning Speke aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858 akiwa upande huu wa kusini. Henry Morton Stanley alipofika tarehe 27 Februari 1875, alifikia Kageye, kijiji cha pwani ya Ghuba ya Speke kilichomo leo katika Wilaya ya Magu, na hapo ndipo vipande vya mashua yake, Lady Alice, vilipounganishwa ili alizunguke ziwa. Frederick Barker, mmoja wa vijana watatu wa Kiingereza aliofuatana nao, alifia hapo mwaka huo huo. Wamisionari wa Kianglikana waliokuwa wakielekea Buganda nao walipitia Kageye. Mapadri Wazungu walipoondoka Buganda mwishoni mwa 1882 walichagua sehemu nyingine kabisa, wakafungua misheni Bukumbi mwaka 1883, karibu na mahali ambapo leo magari yanateremka kwenda darajani Kigongo. Kwa hiyo ukanda wa Usagara, Bukumbi na Kigongo, ambao sasa unazungumzwa kana kwamba umezuka jana kuunyang'anya mji riziki, ulikuwa kituo cha wageni wa ziwani karibu miaka kumi kabla Wajerumani hawajaweka boma Mwanza.

Hapo pana jambo la kupima. Kageye ilikuwa na kila kitu ambacho njia inaweza kukipa kijiji: wafanyabiashara wa pwani, wapagazi, mashua, wageni wenye nguo na shanga. Leo ni mahali pa kumbukumbu. Njia haikukatika, maana watu waliendelea kutoka Tabora kwenda ziwani. Ilihamisha ncha yake tu, na kijiji kilichotegemea ncha hiyo hakikuwa na kitu kingine cha kuizuia. Wajerumani walipoanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892, walikichagua kwa maji yake: ghuba yenye kina, iliyokingwa na upepo na vilima pamoja na miamba. Kwa upande wa nchi kavu mahali hapo palikuwa pagumu. Vilima vya Isamilo, Bugando na Igogo vinakaribia maji kiasi kwamba yeyote anayekuja kutoka kusini anabanwa kwenye ukanda mwembamba kati ya mawe na ziwa. Mtu aliyetaka mji wa njia panda asingeuweka pale.

Miaka michache baadaye ulithibitika kuwa mji wa majini. Reli ya Uganda kutoka Mombasa ilifika ufukweni, mahali paitwapo leo Kisumu, mwezi Desemba 1901, na meli za reli hiyo, William Mackinnon, Winifred na Sybil, zikaanza kuzisomba bidhaa za mwambao mzima. Ngozi, karanga na baadaye pamba za upande wa Wajerumani zilipakiwa Mwanza, zikavuka hadi Kisumu, zikateremka kwa treni hadi Mombasa. Fikiria hali hiyo: bandari ya koloni la Kijerumani iliyokuwa, kwa hesabu ya biashara, kituo cha pembezoni cha reli ya Kiingereza. Reli ya Wajerumani wenyewe ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaiacha Mwanza kaskazini kabisa. Waingereza walipouteka mji mwezi Julai 1916, wao pia walikuja kwa maji. Katika kipindi chote hicho njia ya kuja Mwanza kutoka kusini ilikuwa ya miguu na ya punda, na bado mji ulikua.

Mwaka 1928 Waingereza walikamilisha tawi la reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga na Malampaka. Tawi hilo ndilo mzazi wa barabara ya Kenyatta, na namna lilivyoingia mjini inastahili kutazamwa kwa makini. Reli haikukomea Fela, kwenye uwanda, mahali ambapo ingekuwa rahisi kujenga stesheni kubwa na maghala. Ilisukumwa mbele, ikapenyezwa kwenye ule ukanda mwembamba wa Mkuyuni na Igogo, hadi magurudumu yakawa hatua chache kutoka majini. Sababu yake ilikuwa moja: mabehewa yalikuwa yanakutana na meli. Ndiyo maana, mpaka leo, ukipita Igogo unaiona reli na barabara vikienda sambamba, huku ziwa upande mmoja na nyumba zilizopandana juu ya mawe upande wa pili. Barabara iliufuata mkondo wa reli kwa kuwa hapakuwa na upenyo mwingine. Isitoshe, serikali ya Tanganyika ya miaka ya 1930 haikuwa na haja ya barabara nzuri ya masafa marefu sambamba na reli. Malori yaliyoshindana na treni yaliwekewa vikwazo ili reli isipoteze mizigo. Lori lilipewa kazi ya kuifikisha pamba stesheni. Kuifikisha pwani ilikuwa kazi ya treni.

Pamba ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichoundwa mwaka 1955 kutokana na harakati za wakulima walioongozwa na Paul Bomani, kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Vinu vyake vya kuchambulia pamba vilitawanyika vijijini kote Usukumani, karibu na wakulima. Pamba haikuhitaji kuja Mwanza mjini ili ichambuliwe. Hata hivyo ofisi, benki, mawakala wa bima, maduka ya vipuri na maghala vilikaa mjini, kwa sababu hapo ndipo marobota yalipobadilisha mkono na chombo. Mji uliishi kwa karatasi na kwa makuli. Hakuna aliyelalamika kwamba barabara kuu haipiti katikati ya soko, na kwa kweli barabara kuu yenyewe haikuwapo.

Baada ya uhuru ncha ya majini iliongezewa nguvu. Meli ya MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961, na katika miaka hiyo ya 1960 zikaja meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, ambamo behewa liliweza kuingia likiwa na mzigo wake na kutokea Kisumu, Jinja au Port Bell bila gunia kuguswa. Kisha mambo yakaharibika, na kuharibika kwenyewe hakukuanzia barabarani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa tangu Februari mwaka huo hadi Novemba 1983, na meli na reli zilizokuwa mali ya pamoja zikagombewa na kugawanywa. Upande mmoja wa biashara ya Mwanza ulikauka kwa uamuzi wa kisiasa. Halafu tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria waliotoka Bukoba. Idadi kamili ya waliokufa imebishaniwa tangu hapo. Msiba ule haukuifunga njia ya maji, lakini ulilitikisa jambo ambalo watu wa Kagera na Mwanza walikuwa wamelizoea kwa vizazi, yaani kupanda meli jioni na kuamka upande wa pili. Lami ilipoendelea kufunguka kupitia Geita na Biharamulo, basi likashika nafasi ya meli.

Basi hilo lilikuwa na kikwazo chake, pantoni ya Kigongo–Busisi, na kikwazo hicho kinatufundisha kitu. Foleni ya kusubiri kivuko iliweza kula saa mbili na zaidi. Kando yake kuliota mji mdogo: mama lishe, wauza samaki wa kukaanga, wauza matunda, vijana wa vinywaji baridi waliokimbiza madirisha ya mabasi. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja lenye urefu wa kilomita 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, na safari ya kuvuka ikawa ya dakika chache. Riziki iliyotegemea foleni ilipoteza msingi wake siku hiyo hiyo. Palikuwa na watu wengi wanaosimama Kigongo, kama palivyokuwa na watu wengi wanaosimama bandarini Mwanza, lakini walisimama kwa sababu tofauti. Kigongo gari lilizuiwa. Likiachiwa linaondoka na kila kitu chake. Bandarini mzigo unashuka, unahesabiwa, unauzwa, unagawanywa, unapakiwa upya, na kila hatua ina mtu anayelipwa. Wanaosema kwamba mchepuko umeiibia Mwanza mjini wanauchukulia mji kana kwamba ulikuwa Kigongo nyingine.

Najua jibu litakalotolewa hapa. Mwenye duka la vipuri au gereji barabara ya Kenyatta atasema kwamba dereva wa masafa marefu alikuwa akinunua tairi, akila, akilala, na sasa anafanya hayo yote Usagara au Kisesa. Ni kweli, na si haki kumwambia mtu huyo kwamba hasara yake haipo. Lakini hasara ya mtaa mmoja wa biashara haitoshi kuwa historia ya mji mzima. Tazama biashara inayoijaza katikati ya jiji. Kwa miaka mingi ugomvi mkubwa wa mjini ulikuwa wa machinga: walijaza Makoroboi na mitaa ya jirani, wakafukuzwa, wakarudi. Desemba 2016 Rais John Magufuli aliagiza wasiondolewe, na mwishoni mwa 2021 operesheni ya nchi nzima ikawahamishia maeneo yaliyopangwa. Machinga hapangi viatu mahali ambapo malori yanapita bila kusimama. Anapanga mahali watu wanaposhuka kwenye daladala na kutembea. Kwamba mamlaka zilihangaika miaka yote hiyo kuwaondoa, na kwamba hangaiko hilo liliendelea hata mchepuko ulipokuwa tayari unatumika, ni ushahidi kwamba uhai wa katikati ya mji unaletwa na miguu ya wakazi wa Buhongwa, Igoma, Nyakato na Kishili wanaokuja asubuhi na kurudi jioni. Wala idadi yao haijapungua: mwaka 2012 Nyamagana na Ilemela zilikuwa na watu 706,453, na miaka kumi baadaye zilikuwa zimeongezeka kwa karibu laki nne.

Atakayesema kwamba ongezeko hilo liko pembezoni, si katikati, yuko sahihi pia. Ila hoja yake inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia yeye. Kama watu wanajenga Buhongwa na Igoma lakini wanaendelea kutegemea hospitali ya Bugando, benki, mahakama, masoko na gati zilizo mjini, basi kitawi cha Usagara kimebadilika kazi. Kwa wingi wa safari zake kimekuwa barabara ya wakazi, na kila malori yanayopita tu yakipungua ndivyo konda anavyopata nafasi ya kufanya kazi yake. Kumwomba dereva wa semitrela ya kwenda Mutukula arudi Mkuyuni saa moja asubuhi ili mji "uchangamke" ni kumwongezea mwanafunzi wa Mkolani nusu saa ya foleni bila mtu yeyote wa mjini kupata shilingi.

Pingamizi zito zaidi ni lingine. Linasema: haya yote ni ya zamani, bandari imelala, meli ni chache, reli imechoka, kwa hiyo mji usiokuwa tena na maji unahitaji barabara kuu kwa lazima. Kama bandari ingekuwa imekufa kweli, ningekubali. Lakini tuangalie yaliyopo. MV Victoria ilikarabatiwa ikarudi kwenye safari za Bukoba mwaka 2020. Meli mpya ya MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini Februari 2023. Mwaka 2018 safari za mabehewa kwa meli ya Umoja kwenda Port Bell zilifufuliwa baada ya kusimama kwa miaka. Kivuko cha Kamanga kinavusha watu na magari kutoka katikati kabisa ya mji hadi upande wa Sengerema, yaani mjini pana njia yake ya mkato ambayo daraja haliwezi kuifuta kwa mtu anayeanzia au kuishia mjini. Kisha kuna mwalo wa Kirumba. Dagaa na samaki wakavu wa Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine wanashushwa hapo kwa boti, na malori yanayowasubiri yanakwenda Dar es Salaam, Rwanda, Burundi na Kongo. Hakuna aliyelazimisha malori hayo kupita Mwanza. Yanakuja mpaka mwisho wa tawi kwa sababu boti zinakuja mpaka hapo.

Mwalo huo huo unaitia hoja yangu kwenye mtihani, na sitaki kuupita kimya. Kirumba iko ng'ambo ya katikati ya mji ukitokea kusini, kwenye barabara ya Makongoro iendayo uwanja wa ndege. Lori la dagaa linalotoka huko kuelekea Usagara au Kisesa ni lazima likate mjini. Viwanda vya minofu ya sangara navyo vilijengwa kandokando ya maji tangu miaka ya 1990, na bidhaa zao hutoka kwa magari yenye majokofu. Kwa hiyo si kila lori lililoko barabara ya Kenyatta ni mpita njia, na anayepanga barabara kana kwamba mizigo yote imehamia mchepukoni atakuwa ameupiga ngumi uchumi ule ule anaoutetea. Barabara hiyo inahitaji kuimarishwa. Suala ni kuimarishwa kwa ajili ya nani, na kwa kiasi gani mahali gani.

Jiografia inajibu nusu ya suala hilo. Kati ya Usagara na Butimba kuna nafasi, na kupanua huko kunawezekana. Kuanzia Mkuyuni nafasi inakwisha: kuna mlima, nyumba, barabara, reli, kisha ziwa. Njia nne zitakazofika Mkuyuni zikabanwa kuwa mbili zitakuwa zimeisogeza foleni tu. Na maji ya mvua yanayoteremka kwenye mawe yale hayana pengine pa kwenda isipokuwa kwenye mito midogo inayokatiza barabara. Ndiyo sababu ilibidi kupangwa ujenzi mpya wa madaraja ya Mkuyuni, kwenye barabara ya Kenyatta, na Mabatini, kwenye barabara ya Nyerere. Fedha ya lami mahali kama hapo ina faida kubwa zaidi ikitumika kwa mifereji, vituo vya daladala vyenye nafasi ya gari kuingia na kutoka, na njia za waenda kwa miguu, kuliko ikitumika kukwangua mlima ili kupata njia ya tatu. Barabara ya ndani ya Buhongwa–Igoma kupitia Kishili itawapunguzia wakazi wa pembezoni haja ya kwenda hadi mjini ili warudi upande wa pili, na naiona ina thamani kuliko kilomita kadhaa za njia nne.

Mji mwingine wa ufukweni, mbali sana na hapa, ulilipa gharama kubwa kujifunza jambo hili. San Francisco, Marekani, ilijengewa kipande kifupi cha barabara ya juu kando ya bandari yake, kikafunguliwa mwaka 1959 ili kuyaingiza magari katikati ya mji. Tetemeko la ardhi la Oktoba 1989 likakitikisa hadi kikafungwa. Meya Art Agnos alipotaka kibomolewe badala ya kukarabatiwa, wafanyabiashara wa mtaa wa Wachina walimpinga vikali, wakisema wateja wao huja kwa barabara hiyo na bila yake watafilisika. Kilianza kubomolewa mwaka 1991. Ufukwe uliokuwa kivulini ukarudi kuwa mahali pa watu, na mji haukufa. Nautaja mfano huu kwa tahadhari, maana San Francisco ilikuwa na treni za mjini na fedha ambazo Mwanza haina. Kinachofanana ni hofu: mwenye duka huhesabu magari yanayopita mlangoni, na ni vigumu kwake kuwahesabu wateja waliokata tamaa ya kuja kwa sababu ya magari hayo.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa, wakasema mji wenyewe uhamie Usagara na Fela, maana daraja liko huko, mchepuko uko huko, na reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka yenye kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Fela mwezi Juni 2021, inapita huko. Kwenye ramani inaonekana sawasawa. Lakini Kanda ya Ziwa na jirani zake zina njia panda nyingi za kupimia hoja hiyo. Isaka imekuwa bandari kavu kwa miongo kadhaa, ikihudumia mizigo ya Rwanda na Burundi, na bado ni mji mdogo. Tinde, ambako njia ya Mwanza inaachana na njia ya Kahama, inafahamika kwa kila dereva na haijawa mji mkubwa. Musoma nayo haiko kwenye njia kuu ya Sirari. Anayekwenda huko huiacha njia kuu pale Makutano na kuteremka ziwani, na baada ya miaka yote hii hakuna aliyehamisha Musoma kuipeleka Makutano. Makutano yanagawa safari, na kazi hiyo inahitaji kituo cha mafuta, mizani, gesti na vibanda vya chipsi. Mji unahitaji kitu ambacho hakiwezi kufanyika mahali pengine, na huku kwetu kitu hicho kwa kawaida kimekuwa kina cha maji.

Ndiyo maana uamuzi utakaokuwa na uzito kuliko idadi ya njia za lami ni ule wa reli mpya, hasa mahali mizigo mizito itakaposhushwa. Fela ina nafasi ya maghala na ya kugeuzia treni ndefu, na kwa shehena inayoendelea kwa lori kwenda Geita au Kagera kupitia darajani, hapo ndipo mahali pake. Shehena ya majini ni habari nyingine. Bandari ya Mwanza Kusini iko pembeni mwa barabara hiyo hiyo ya Kenyatta, ndani ya ule ukanda mwembamba, na reli ya zamani inafika kwenye gati lake. Mzigo wa kwenda Port Bell ukiteremshwa Fela, ukapandishwa kwenye malori, yakapitia Buhongwa, Nyegezi na Butimba kuufuata maji, barabara ya wakazi itarudishiwa kazi ambayo kwa karibu miaka mia moja ilifanywa na behewa, na hapo hakuna upana utakaotosha.